Vya Kulowa na Visivyolowa

Mama yangu anaishi Tanga, hatua chache kutoka baharini, na maisha yake yote sijawahi kumwona akilala ufukweni kwa hiari yake. Nilipompigia simu kumweleza kwamba Ijumaa natoka Sandton kwa ndege, nikodi kayaki, nipige kafi hadi kambini na nilale kwenye hema, alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo mwanangu unalipa ili ukalale pwani?" Nikamwambia ndiyo, mama. "Na hii ya kwetu uliilipia shilingi ngapi?" Sikuwa na jibu. Ndipo akaniuliza swali la maana kuliko yote niliyoulizwa kabla ya safari ile: "Haya, na nguo za kubadili umechukua?"

Makala hii ni jibu refu la swali hilo. Naiandika kwa wenzangu tuliotoka Mombasa, Dar, Unguja, Bukoba au Kampala tukaja Johannesburg kutafuta riziki, ambao siku moja mwenzao wa kazini atawaambia: twendeni tukapige kayaki baharini, tulale huko, turudi Jumapili. Ukikubali, usianze kwa kufungua kabati. Kabati la Sandton limejaa nguo za Sandton. Huku tuko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni kavu, na shati ulilolianika asubuhi unalivaa mchana. Baharini mambo si hayo. Nguo ikishaingia maji ya chumvi haikauki sawasawa, kwa sababu chumvi iliyobaki kwenye uzi huvuta unyevu wa usiku, na suruali uliyodhani imekauka jioni utaikuta asubuhi ina ubichi ule ule. Tena ukisahau kitu, huna pa kukifuata. Kutoka hapa hadi Durban ni kilomita 570 hivi, na Cape Town ni kama 1,400.

Swali la kwanza, basi, ni hili: maji ya huko unakokwenda yana nyuzi ngapi? Hali ya hewa utaiuliza baadaye. Sisi tuliokulia pwani ya mashariki tuna kosa moja la kuzaliwa nalo, tunadhani bahari ni moja. Maji ya Tanga au Unguja hucheza kati ya nyuzi 25 na 30 mwaka mzima, na mtoto akianguka kutoka kwenye ngalawa anacheka. Sasa chukua safari niliyoifanya mimi, ya kutoka kijiji cha wavuvi cha Paternoster, kaskazini ya Cape Town, hadi kambi ya Tietiesbaai iliyomo katika hifadhi ya Cape Columbine. Ni safari fupi. Mnara wa taa wa pale, uliojengwa mwaka 1936, unauona muda mwingi ukiwa majini. Lakini bahari ile ni ya Atlantiki, na mkondo wa Benguela unapita hapo ukitoka kusini na baridi yake. Nyuzi 12 ni jambo la kawaida.

Na kuna kituko kinachowapata wageni wengi. Maji yale hupoa zaidi wakati wa kiangazi chao, miezi ambayo jua linachoma na kila mtu yuko kaptula. Upepo wa kusini-mashariki unaovuma miezi hiyo husukuma maji ya juu yaliyopata joto, yakaenda mbali na pwani, na mahali pake hupanda maji ya chini ambayo hayajaliona jua. Kwa hiyo siku ile nzuri ya picha, anga bluu, nyuzi 30 juu ya mchanga, ndiyo siku ambayo bahari inaweza kukukata pumzi. Ukifunga mzigo kwa kutazama anga umejidanganya. Vaa na pakia kana kwamba utaanguka majini, hata kama unaapa hutaanguka.

Niliapa. Safari yangu ya kwanza katika pwani ile nilivaa suruali ya trakisuti na sweta zito la kofia, vyote vya pamba, na jaketi okozi juu yake. Aliyenikodisha kayaki alitazama jua akasema leo joto, suti ya mpira ya nini. Nami nikaona huyu ndiye mwenyeji. Tulipokuwa tunarudi, mita kama ishirini kutoka mchangani, wimbi lilinishika kwa nyuma likaigeuza kayaki ubavu, nami huyo. Maji hayakuwa na kina kirefu, nilisimama yakanifika kifuani. Lakini kwa muda ambao siwezi kuukadiria sikuweza kuvuta pumzi vizuri. Kifua kilikuwa kinahema chenyewe, haraka haraka, kama cha mtoto aliyelia sana. Nilipofika nchi kavu sweta lile lilikuwa limebeba maji kama sifongo, upepo ukalipiga, nikatetemeka saa nzima juani huku watoto wa pale wakinitazama wakiwa vifua wazi.

Wataalamu wa baridi hufundisha kanuni ya namba tatu: moja, kumi, moja. Dakika moja ya kwanza ni ya kupigania pumzi, dakika kumi zinazofuata mikono bado inakutii, na inaweza kuchukua saa moja kabla baridi haijakupotezea fahamu. Aliyeieneza ni Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ambaye amejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu mara nyingi ili kuipima. Kwa mfungaji mzigo kanuni hiyo ina maana nyepesi. Nguo iliyomo ndani ya stoo ya kayaki haitakusaidia dakika ile ya kwanza. Itakayokusaidia ni ile iliyo mwilini.

Haya, mwilini. Karibu na ngozi vaa shati la mikono mirefu linalobana, la naili au poliesta, lile la waogeleaji. Juu yake vaa suti ya mpira kama ya wapiga mbizi, lakini isiyo na mikono, maana ukivaa yenye mikono mabega yatachubuka kabla ya kilomita ya tatu. Unene wa milimita 3 unatosha. Juu ya hiyo, koti jepesi lisilopitisha upepo wala maji, lenye vikuku vya kubana shingoni na viganjani. Jaketi okozi ndilo la mwisho, juu ya vyote. Lichague lile fupi la wapiga kafi, ambalo halipandi hadi kidevuni ukikaa, na kabla hujalipa mwambie mtu alishike mabegani alivute juu kwa nguvu. Likikufika masikioni, si lako. Miguuni vaa viatu vya mpira vyenye soli, kwa sababu miamba ya pwani ile imejaa kome na makombe makali, na kandambili itakutoka kwa wimbi la kwanza uione inakwenda Brazil peke yake. Kichwani vaa kofia yenye kamba ya kufunga chini ya kidevu. Miwani ya jua nayo ifunge kwa kamba, miwani haielei.

Dada zetu wanaojifunika huniuliza kama jambo hili linawezekana. Linawezekana sana, tena wana nafuu kuliko sisi tunaojianika. Kofia ya kuogelea ya hijabu, ile ya kitambaa cha michezo, inakinga jua shingoni na masikioni na haishiki maji. Koti la kafi ni pana, na juu ya suti ya mpira unaweza kuvaa kaptula ndefu ya naili. Kitu kisichofaa kabisa ni kitambaa kirefu kinachoelea, kwa sababu ukipinduka lazima utoke kwenye tundu la kukalia bila kunaswa na chochote. Kwa sababu hiyo hiyo, mwanamume asijifunge kikoi kwenye kayaki. Nakipenda kikoi, nitakitaja tena baadaye, lakini si hapo.

Mpaka hapo tumemaliza fungu la kwanza, vya kulowa. Vitalowa, na vilowe. Fungu la pili ni vya kulalia, na hilo ni amana. Weka kitandani suruali ya joto, fulana ya sufu au ya poliesta ya mikono mirefu, sweta la flisi, koti la mvua, kofia ya sufu na soksi nene jozi mbili. Basi. Usiku mmoja hauhitaji fulana ya akiba wala suruali ya kutokea. Jinzi iache Sandton. Ikilowa ina uzito wa mtoto mchanga na haikauki hadi Jumanne. Pamba ninayoiruhusu ni kikoi kimoja tu, kwa sababu ndicho pazia la kubadilishia nguo ufukweni, taulo, shuka, na asubuhi kitambaa cha kushikia sufuria. Kanga itafanya kazi hiyo hiyo na kukauka upesi zaidi, ila jiandae kueleza maandishi yake kwa kila mtu.

Fungu hili la pili lina sheria moja ambayo siivunji: likishafungwa nyumbani halifunguliwi mpaka hema limesimama. Hata ukihisi baridi mchana, hata jua likizama hujafika. Nina sweta jingine la flisi kwa ajili ya njiani, liko kwenye mfuko wake karibu na mkono. Ukichokoa soksi za usiku saa nane mchana kwa sababu miguu imepoa, usiku utalala na miguu ile ile na soksi mbichi juu.

Mifuko isiyopitisha maji inauzwa katika maduka ya vifaa vya kambi kwenye karibu kila kituo kikubwa cha biashara hapa mjini. Kosa la wanunuzi ni kuchukua mmoja mkubwa wa lita 40, kwa sababu unaonekana wa maana. Hautaingia. Stoo za kayaki ya bahari zinaweza kubeba vitu vingi, lakini mdomo wake ni mdogo, na tundu la duara mara nyingi ni sentimita 20 hadi 25 tu, upana wa sahani ndogo. Nunua mifuko mingi midogo, ya lita 5, 8 na 10, ya rangi tofauti. Mimi nyekundu ni ya kulalia, ya njano ni chakula, ya bluu ni kila kitu kingine. Mwenzangu mmoja alinunua yote myeusi kwa kupenda umaridadi, na nilimshuhudia gizani akifungua mfuko wa tano akitafuta tochi, ambayo bila shaka ilikuwa kwenye wa sita.

Mdomo wa mfuko ukunje mara tatu au nne ndipo ubane kishikizo. Ukikunja mara moja maji yatapita. Ujaribu nyumbani: uujaze hewa, uufunge, uukalie. Ukisikia sauti yoyote, hata ndogo kama ya nyoka, umejua. Kisha weka gazeti ndani, uzamishe mfuko kwenye beseni kwa dakika kumi, utazame herufi. Mfuko wa kulalia usingizi nauingiza kwanza kwenye mfuko mzito wa taka, nauzungusha mdomo na kuufunga fundo, kisha ndani ya mfuko usiopitisha maji. Huo wa taka bei yake ni ya kahawa nusu kikombe pale Nelson Mandela Square, na ndio ulioniokoa siku ambayo mfuniko wa stoo ya kayaki ya kukodi ulikuwa umepasuka ukingoni na stoo ya nyuma ikafika kambini ina maji ya kufulia.

Sasa kupanga. Marehemu mjomba wangu alikuwa mvuvi, hakuwahi kuiona kayaki, lakini kila ninachofanya kwenye kayaki nimekichukua kwake. Jahazi tupu, alikuwa anasema, ni jahazi la wazimu. Lazima liwe na farumi, na farumi haikai omo wala tezi. Inakaa chini, katikati. Kayaki ni hivyo hivyo. Maji ya kunywa, chakula cha makopo, jiko na chochote kizito kilale juu ya mkuku, karibu na kiti chako, mbele yako na nyuma yako. Nguo na hema viende pembeni kabisa, omo na tezi. Tezi ikizidi omo kidogo kwa uzito hakuna ubaya, kayaki itakwenda mbele bila kugeuka kila upepo unapoipiga ubavuni. Omo ikizidi utapigana nayo siku nzima. Usipime kwa mizani, iweke kayaki majini na uitazame kwa pembeni.

Mjomba alikuwa na jambo la pili. Katika mtumbwi wake kila kitu kilikuwa na kamba: dumu la maji, upo wa kufulia maji, hata kopo la kiberiti. Ukimuuliza anakwambia kisichofungwa ni cha bahari. Kafi lako lifunge kwa kamba fupi kwenye kayaki au beba la akiba, lile linalogawanyika vipande viwili na kulazwa juu ya sitaha. Lakini sitahani usipange mzigo mwingine. Nimewaona watu wamefunga hema, godoro na sufuria juu, kama basi la mkoani. Upepo unavishika, kayaki inakuwa nzito juu, na ikipinduka haitaki kurudi.

Mazoezi ya kupakia yafanyie hapa hapa, katika bwawa la Emmarentia. Ni karibu na Sandton, maji yametulia, na klabu ya mitumbwi ya Dabulamanzi ina makao yake pale, kwa hiyo hutakosa mtu wa kukuonyesha namna ya kushika kafi. Nenda na mzigo wote, uliofungwa kama wa safari. Upakie, piga kafi nusu saa, kisha pinduka kwa makusudi ukiwa umevaa kila kitu. Watu watakutazama. Waache. Pale ndipo nilipogundua kwamba jaketi langu lina mfuko unaokaa mahali pabaya unaponing'ang'ania kwenye ukingo wa tundu, na kwamba ile sketi ya mpira inayobana kiuno na kuziba tundu la kukalia nilikuwa nimeivaa na kitanzi chake cha kuvutia kikiwa kimeingia ndani. Kitanzi hicho ndicho unachokivuta ukiwa kichwa chini ili utoke. Lazima kiwe nje, mbele, mahali mkono unapofika bila macho. Heri kulijua hilo Emmarentia.

Ukitumia ndege, uwanja una sheria zake, na baadhi zitakuharibia mpango usipozijua. Mtungi wa gesi wa jiko la kambi haupandi ndege kabisa, si mkononi, si kwenye begi la chini. Fataki za kuomba msaada nazo ni hivyo hivyo. Panga kununua gesi ukishafika Cape Town, na jiko lenyewe lisafishe lisinuke mafuta. Paua benki na betri za akiba zinakwenda nawe mkononi, haziruhusiwi kwenye begi la chini, na kikomo cha kawaida bila idhini ya shirika ni wati-saa 100; paua benki ya mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, hiyo inapita. Kisu kinakwenda chini. Suti ya mpira, viatu na jaketi okozi vinaweza kumaliza nusu ya kilo zako 20 au 23 za begi, kwa hiyo kabla hujanunua tiketi mwulize mwenye kayaki anakodisha nini pamoja nayo. Jaketi okozi mimi nabeba langu hata hivyo. Kwa treni ya Gautrain kutoka Sandton hadi O.R. Tambo ni robo saa tu, na begi moja la mgongoni linakaa vizuri kuliko sanduku la magurudumu, ambalo mwisho wa safari hutakuwa na pa kuliweka. Kayaki haina nafasi ya sanduku.

Tochi ya kichwani huhitaji kununua. Mgao wa umeme wa miaka ile, na hasa mwaka 2023, umeiachia kila nyumba ya mji huu tochi tatu na taa ya kuchaji. Chukua mbili, badilisha betri, moja iweke kwenye mfuko wa jaketi lako na si stoo.

Hapo mfukoni na kifuani ndipo pa vitu vichache ambavyo hata kayaki ikienda zake utabaki navyo. Filimbi ya plastiki, imefungwa kwa kamba kwenye zipu. Simu kwenye kifuko chake cha maji, na programu ya SafeTRX imeshawekwa na kujaribiwa. Ni ya bure, inatumiwa na NSRI, na inafuatilia safari yako na kuwajulisha watu wako ukichelewa kufika. NSRI ni taasisi ya uokoaji baharini ya hapa Afrika Kusini, waokoaji wake ni wa kujitolea. Ilianzishwa mwaka 1967, mwaka mmoja baada ya wavuvi 17 kufa katika dhoruba karibu na Stilbaai, pwani ya kusini. Ihifadhi namba yao ya dharura kwenye simu kabla hujaondoka Sandton, na kumbuka kwamba 112 hupigika kutoka simu yoyote ya mkononi. Pwani ile ina ukungu pia, unaingia asubuhi bila hodi na kuufuta ufuko machoni, kwa hiyo beba dira. Na hapa kuna jambo la kumshangaza aliyezoea dira ya Tanga, ambako kosa lake ni dogo la kupuuzwa: katika pwani ya Cape sindano inaelekea magharibi ya kaskazini ya kweli kwa nyuzi 25 hivi. Hilo litakuhusu pia ukiitumia kutafutia kibla. Kibla ya pale ni nyuzi 23 hivi mashariki ya kaskazini ya kweli, kwa hiyo kwenye dira yako utasoma karibu 48. Usipolijua utaswali ukiielekea Angola.

Chakula nitakipitia haraka, maana kwa usiku mmoja hakuna anayekufa njaa. Maji ya kunywa weka lita 4 kwa kila mtu kwa siku, katika vifuko laini vinavyolala penye nafasi yoyote badala ya dumu gumu. Mwenyeji atakuletea nyama kavu, biltong, nayo ni tamu, ila ina chumvi na itakumaliza maji. Mimi nabeba tende, korosho, mahamri ya jana yake, na chupa ya chai ya tangawizi ya moto. Chupa hiyo haiingii stoo. Inakaa miguuni, imefungwa kamba, na ukishatoka majini unatetemeka utaiona thamani yake kuliko jiko la gesi. Karatasi ya chooni weka kwenye mifuko miwili tofauti, kwa sababu mmoja utaharibika, pamoja na kijiko kidogo cha kuchimbia na mfuko wa kurudisha uchafu.

Na kama unakwenda upande mwingine, Bahari ya Hindi, iwe Msumbiji au nyumbani kabisa Kilwa, Menai au visiwa vya Lamu? Hapo geuza karibu kila kitu. Suti ya mpira itakupika. Adui ni jua na chumvi: mikono mirefu, suruali nyepesi ya naili, glovu zisizo na vidole, mafuta ya jua masikioni na juu ya miguu, kwa sababu miguu ndiyo inayosahaulika. Mfuko wa kulalia uache, shuka na kikoi vinatosha, lakini chandarua usithubutu kukiacha. Maji ya kunywa ongeza nusu. Kitu kingine ni kupwa na kujaa. Magharibi ya Cape tofauti ya maji ni mita 2 hivi hata siku zake kubwa. Unguja wakati wa bamvua inafika mita 4. Kayaki uliyoivuta jioni ukaiona iko juu sana, usiku bahari itakuja kuichukua. Kwa hiyo kwenye mzigo wa kwetu lazima iwemo kamba ndefu, mita 15 au 20, ya kuifunga kwenye mti. Na weka fulana moja ya heshima. Huko kwetu ufuko una wenyewe, unalala kwa ruhusa ya sheha au mwenyekiti wa kijiji, nawe hutakwenda kumsalimia mzee wa watu ukiwa na shati linalobana kifua na chumvi usoni.

Ukirudi Sandton usiku wa Jumapili utataka kulala. Kabla hujalala, jaza beseni la kuogea kama maji yapo, maana siku hizi mjini hapa hayo nayo ni ya kubahatisha, na utumbukize suti, koti, viatu na jaketi. Chumvi ikilala kwenye zipu wiki moja, zipu hiyo umeipoteza. Kisha mwaga vilivyobaki sakafuni utenge mafungu matatu: ulichotumia, ambacho hukukigusa, na kwenye karatasi, ulichokitamani hukuwa nacho. Fungu langu la pili mara ya mwisho lilikuwa na kitabu, sabuni ya maji, kamera ya pili na suruali ya jinzi, ambayo niliichukua baada ya kuapa kwamba siichukui. Kwenye karatasi niliandika soksi, jozi ya tatu.

Asubuhi nilipiga simu Tanga. Mama hakuuliza habari za mnara wala za bahari. Aliuliza kama nilibadili nguo.